Albamu ya Glee na deni la mpanga sauti

Wimbo wa bendi ya Journey wa mwaka 1981, "Don't Stop Believin'", unaanza na piano. Jonathan Cain anazungusha nota chache, besi inamfuata chini, na msikilizaji anakaa mkao wa kula kabla Steve Perry hajafungua mdomo. Katika albamu ya kwanza ya tamthilia ya runinga ya Glee, mwanzo huo wa piano umeondolewa na mahali pake wamewekwa watu. Sauti za kike na za kiume zinagawana nota zilezile kwa silabi zisizo na maana yoyote, hawa wakipanda, wale wakishuka, mpaka kazi ya mikono miwili inakuwa kazi ya vinywa vingi. Ndipo anapoingia mwigizaji Cory Monteith na sauti yake ya kawaida, sauti ya kijana asiye na hakika kama anaruhusiwa kuimba. Mwigizaji mwenzake, Lea Michele, anampokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri zamu hiyo tangu azaliwe.

Aliyewahi kuimba kwaya ya kanisani anajua kilichofanyika hapo. Mwalimu wa kwaya amechukua wimbo ambao kila mtu anaujua, akakaa nao, akaugawa kwa soprano, alto, tenor na besi. Amepanga sauti. Maneno hayajabadilika, tuni haijabadilika, lakini Jumapili wimbo ukianza watu wanainua vichwa. Nashikilia kwamba albamu hii inaishi na kufa kwa kazi hiyo ya kupanga sauti, na kwamba tamthilia yenyewe, ikisaidiwa na sheria ya nchi yake, ilishindwa kuiheshimu kazi iliyoilisha.

Glee ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 19 Mei 2009, ikafungwa tarehe 20 Machi 2015 baada ya misimu sita na vipindi 121. Waanzilishi wake ni Ryan Murphy, Brad Falchuk na Ian Brennan. Hadithi iko katika mji wa Lima, jimbo la Ohio, kwenye shule ya sekondari ambako mwalimu wa Kihispania, Will Schuester, anafufua kwaya iliyokufa kwa kukusanya wanafunzi ambao wenzao huwamwagia vinywaji vya barafu usoni koridoni. Wimbo nilioanza nao ndio unaofunga kipindi cha kwanza kabisa. Mke wa Will amemwambia ni mjamzito, fedha ya ualimu haitoshi, naye ameamua kwenda kufanya kazi ya uhasibu. Akiwa anaondoka anasikia sauti ukumbini. Anawakuta watoto wale, fulana nyekundu, wanaimba bila yeye. Anabaki.

Glee: The Music, Volume 1 ilitoka Novemba 2009 ikiwa na nyimbo 17, zote zilizokwisha kuimbwa na watu wengine. Iliingia nafasi ya 4 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na huko Uingereza na Ireland ilipanda hadi ya 1. Aprili 2010 albamu fupi ya nyimbo za Madonna ikaanzia kileleni Marekani, na kabla nusu ya mwaka haijapita zikafuata mbili nyingine zilizofika huohuo juu. Kampuni ya muziki ya Columbia ilikuwa imepata duka lisilofungwa: kila wiki kipindi, kila wiki nyimbo mpya kwenye iTunes, duka la mtandaoni, za kununua moja moja.

Lawama iliyoiandama tangu siku hizo ni kwamba hii ni karaoke ya bei ghali. Siipuuzi, kwa sababu kuna sehemu za albamu zinazoistahili. Nimezisikiliza nyimbo zote 17 kwa hedifoni, runinga ikiwa imezimwa, nikijiuliza swali moja kila wimbo unapoanza: huyu anauimba kwa nini? "Gold Digger" ya Kanye West, inayoongozwa hapa na Matthew Morrison, aliyeigiza Will, haikuwa na jibu. Kwenye runinga jibu lilikuwepo. Vijana walikuwa wameikataa disko ya zamani aliyowaletea mwalimu, naye akatafuta kitu cha rika lao, akaghani mbele yao huku akitoka jasho. Kwenye diski jasho hilo halipo. Imebaki nakala safi mno ya wimbo ambao uzuri wake ni ukorofi wake. "Bust a Move" ya Young MC ina ugonjwa uleule. "Take a Bow" ya Rihanna ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo. Lea Michele anaiimba vizuri, nota kwa nota, na ikiisha mkono wangu unakwenda wenyewe kutafuta ya Rihanna.

Swali hilo la "kwa nini" si geni kwetu. Ukumbini kwenye taarabu, mwanamke huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapofika alipokuwa anaungoja. Wimbo haukutungwa kwa ajili yake. Pengine mwimbaji hamjui hata jina. Lakini kwa dakika ile wimbo ni wake, na mlengwa aliyekaa kule nyuma ujumbe umemfika. Glee imejengwa juu ya msingi huohuo. Mercedes, mmoja wa wanakwaya, anakataliwa na mwenzake Kurt, anavunja kioo cha gari na kuimba "Bust Your Windows" ya Jazmine Sullivan. Quinn, mwanakwaya mwingine, ni mjamzito na siri imefichuka shule nzima, wenzake wanamzunguka na kumwimbia "Keep Holding On" ya Avril Lavigne. Maneno ya mtu mwingine yanatoa kilichomkaba mtu kooni. Shida ni kwamba kutunza kunahitaji ukumbi, na wanaotazamana ndani yake, na historia yao. Anayenunua wimbo kwenye iTunes hauziwi ukumbi.

Mfano unaoniuma zaidi ni "Defying Gravity", wimbo wa tamthilia ya jukwaani iitwayo Wicked, ambao kwa kawaida huimbwa na mwanamke. Chris Colfer, aliyeigiza Kurt, alikuwa amesimulia kwamba shuleni kwake alinyimwa wimbo huo kwa sababu ni mvulana. Murphy akaitia habari hiyo ndani ya hadithi. Kurt anaudai wimbo, baba yake fundi wa magari anakwenda shuleni kumpigania, na inaamuliwa kwamba yeye na Rachel, anayeigizwa na Lea Michele, washindane mbele ya darasa. Kisha baba anapigiwa simu na mtu asiyejitambulisha, anatukaniwa mwanawe. Kurt anayaona macho ya baba yake. Siku ya mashindano, ikifika ile nota ya juu ambayo kila mtu anaisubiri, anaikosa. Baadaye anamwambia baba kwamba aliikosa makusudi. Kila alichotaka kusema kimo ndani ya nota iliyoharibika.

Kwenye albamu nota hiyo haijaharibika. Colfer na Michele wamegawana wimbo kama marafiki, kila kitu kimekaa mahali pake, na kitu pekee kilichoufanya wimbo huo uwe wa Kurt kimesafishwa kama doa. Sielewi kwa nini hakuna aliyethubutu kuiacha nota mbovu iingie dukani. Ingekuwa nota ya kweli kuliko zote humo.

Kuna wakati mmoja, miaka minne baadaye, ambapo diski haikuhitaji picha. Monteith alifariki Vancouver tarehe 13 Julai 2013, akiwa na miaka 31. Oktoba ya mwaka huo tamthilia ilifanya kipindi cha kumuaga, na Lea Michele, ambaye alikuwa mpenzi wake nje ya uigizaji pia, akaimba "Make You Feel My Love" ya Bob Dylan. Wimbo huo ulikuwa umeshaimbwa na wengi, Adele akiwa mmojawao. Ukiusikiliza peke yake gizani, huulizi anaimba kwa nini.

Narudi kwenye albamu ya kwanza, kwa sababu zipo nyimbo zinazosimama zenyewe, na zote zina kitu kimoja: mtu alikaa akafikiria sauti. Chukua "Somebody to Love". Mwaka 1976 Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor wa bendi ya Queen walirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka hadi watu watatu wakasikika kama kwaya nzima ya injili. Walikuwa wanaitamani kwaya. Glee ikaichukua ndoto hiyo ikampa kila mhusika kipande chake: Monteith anaanza kwa unyonge, Michele anajibu, Kevin McHale anaingia katikati, na Amber Riley anapofunguliwa mlango kuelekea mwisho anaupeleka wimbo kanisani moja kwa moja. Sidai kwamba ni bora kuliko wa Queen. Ila unasikia jambo ambalo Queen hawakuwa nalo: watu mbalimbali, kila mmoja na upweke wake, wakiomba kitu kilekile.

"Alone" nayo ni hivyo. Kristin Chenoweth, mwimbaji wa jukwaa la Broadway, anaigiza mwanamke aliyeacha shule zamani na maisha yakamponyoka, naye anauimba na Morrison kwenye ukumbi wa kuchezea bowling. Ndiyo, kwa karaoke. Wapenzi wa muziki wa roki walilalamika kwamba wimbo wa bendi ya Heart umechezewa. Lakini Heart wenyewe, walioufikisha nafasi ya 1 mwaka 1987, walikuwa wanarudia. Watunzi wake, Billy Steinberg na Tom Kelly, waliutoa kwanza mwaka 1983 na bendi yao i-Ten, na haukufika mbali. "You Keep Me Hangin' On" imo pia kwenye albamu. The Supremes waliifikisha nafasi ya 1 Marekani mwaka 1966, na Kim Wilde akaifikisha hapohapo mwaka 1987 kwa mdundo mwingine kabisa. Kwa hiyo yule anayesema wimbo una mwenyewe mmoja na wengine ni waigaji, historia ya nyimbo hizihizi inamkatalia. Wimbo hupita mikono mingi. Ninachouliza ni kila mkono uliongeza nini.

Mikono ya Glee ilikuwa hasa ya maprodyuza wawili, Adam Anders aliyekuwa Los Angeles na Peer Åström aliyekuwa Stockholm. Tofauti ya saa kati ya miji hiyo iliwafaa: mmoja akilala mwingine anaamka, na kazi inaendelea usiku na mchana. Haikuwepo njia nyingine, maana kila kipindi kilihitaji nyimbo kadhaa, zikiwa zimerekodiwa kabla kamera hazijawashwa, waigizaji wakikimbia kutoka mazoezi ya kucheza hadi studio. Nyuma ya sauti unazozijua walikuwepo pia waimbaji wa studio waliojaza kwaya. Nawaheshimu watu hao. Lakini mwendo huo uliacha alama. Sauti nyingi zimenyooshwa kwa kompyuta mpaka koo la mtu halisikiki tena, pumzi zimefutwa, na McHale, ambaye ana mlio mtamu kuliko wengi wao, mara nyingine anasikika kama amepitishwa kwenye bomba la plastiki. Kwaya ya watoto waliotupwa na shule haikupaswa kuwa safi kiasi hicho.

Soko nalo lilitoa hukumu, ukilisoma kwa makini. Waimbaji wa Glee waliingiza nyimbo 207 katika Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Oktoba 2010 waliwapita Beatles, na Februari 2011 wakampita Elvis Presley kwa idadi ya nyimbo zilizoingia. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2020 Drake alipoivunja. Magazeti yalipiga kelele kuhusu Beatles na Elvis, lakini angalia upande wa pili: katika nyimbo hizo 207 hakuna hata moja iliyofika nafasi ya 1, na zilizoingia kumi bora ni tatu tu. Nyingi zilionekana kwenye chati wiki moja zikatoweka. Watu walikuwa wananunua kumbukumbu ya kipindi walichokitazama wiki hiyo, na kumbukumbu ikififia wimbo unafifia nao. Zilizodumu ni "Don't Stop Believin'", iliyofika ya 4, "Loser Like Me", iliyofika ya 6 na ambayo ilitungwa kwa ajili ya tamthilia yenyewe, na "Teenage Dream" ya Katy Perry, iliyofika ya 8.

Hiyo ya mwisho inanirudisha palepale nilipoanza. Ilisikika Novemba 2010, Darren Criss akiongoza kundi la wavulana wa shule binafsi. Ala karibu zote zimeondolewa. Ngoma, besi, kinanda, vyote ni midomo. Sauti za nyuma ni za Beelzebubs, kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, watu ambao kuimba bila ala ndiyo kazi wanayoijua. Nyimbo mbili kati ya tatu zilizofika kumi bora, basi, ndizo ambazo mtu aliondoa ala akapanga sauti. Sidhani kwamba hiyo ni bahati.

Na hapa ndipo deni linapoanza. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, katika kifungu cha 115, inasema wimbo ukishatolewa kwa umma mara ya kwanza, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mtunzi, ilimradi amlipe kiwango kilichowekwa. Kwa miaka yote ya Glee kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 za dola kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika tano. Mlango huo haufungwi. Upo mlango wa pili, wa kuuweka wimbo juu ya picha ya runinga, na huo una komeo: mwenye wimbo anaweza kukataa au kutaja bei anayotaka. Ndiyo maana bendi ya Kings of Leon waliweza kusema hapana kwa Glee, na ikawa hapana kweli. Ni haki yao, hata kama sikuona ubaya wa ombi lenyewe.

Mtunzi, basi, ana milango miwili. Mpanga sauti hana hata dirisha. Kifungu hichohicho kinamruhusu anayerudia wimbo kuupanga upya kwa namna yake, lakini kinasema mpango huo haulindwi kama kazi mpya isipokuwa mwenye wimbo amekubali waziwazi. Ukikesha mwezi mzima ukitafuta sauti za wimbo wa mtu, ukazipata, anayekuja baada yako anaweza kuzibeba akamlipa mtunzi peke yake.

Huku kwetu tunajua jina linavyoweza kupotea njiani. "Malaika" imezunguka dunia kwa vinywa vya Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, na ugomvi wa nani hasa aliitunga, Fadhili William au Adam Salim, haujazimika hadi leo. Hiyo ni kesi ya mtunzi, ambaye angalau sheria inamtambua.

Kesi ya mpangaji ni ya Jonathan Coulton, mwanamuziki wa Brooklyn. Mwaka 2005 aliuchukua "Baby Got Back", wimbo wa kughani wa Sir Mix-a-Lot wa mwaka 1992, akaufanyia jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wimbo ule hauna tuni, ni maneno na mdundo. Coulton akautungia tuni, laini, ya polepole, ya gitaa na banjo, akayaimba maneno yale ya mtaani kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto. Alilipia leseni ya kurudia wimbo kama sheria inavyotaka. Penye mstari ambao Mix-a-Lot anajitaja mwenyewe, Coulton akatia jina lake la kifupi, Johnny C.

Januari 2013 Glee ilitoa "Baby Got Back" yake. Tuni ilikuwa ya Coulton, na mpangilio wa sauti ulikuwa wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuwa ameombwa, hakulipwa, jina lake halikuandikwa popote. Alipouliza, alijibiwa kwa niaba ya tamthilia kwamba hakuna sheria iliyovunjwa na kwamba ashukuru kwa kutangazwa. Wanasheria huenda walisema kweli kuhusu sheria. Lakini hii ni tamthilia ambayo kila wiki ilituambia habari za mtoto anayenyang'anywa nafasi ya kuimba na wenye nguvu, ambayo iliishi kwa watu wanaokesha studio wakipanga sauti. Kama kuna walioweza kusikia kwamba ule ulikuwa mpango wa mtu, ni wao. Kuandika mstari mmoja mwishoni mwa kipindi, "mpangilio wa Jonathan Coulton", kusingegharimu hata senti 9.1.

Coulton aliitoa tena rekodi yake ya zamani, akaiita wimbo wa Glee aliourudia yeye, na mapato ya wiki za mwanzo akayatoa kwa mashirika ya hisani, moja likiwa la kusaidia muziki mashuleni. Toleo la Glee liliendelea kuuzwa. Ukilisikiliza vizuri, mwigizaji anapofika kwenye ule mstari wa kujitaja, haimbi Mix-a-Lot wala jina la mhusika wake. Anaimba Johnny C.